Jinsi ya Kujifunza Hisabati Ukubwani Bila Kushusha Hadhi

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye heshima zake. Ana kazi, ana familia, pengine ana uenyekiti wa kitu fulani mtaani, na hesabu alizikimbia tangu darasa la tano. Sasa amezinduka. Labda mtoto wake wa darasa la sita alimletea swali la sehemu, akamjibu "kamuulize mama yako," na mama naye akauliza kule shuleni walimu wanalipwa kwa kazi gani. Labda anataka kujiendeleza, na chuo kimemwambia bila D ya Hisabati asijisumbue kujaza fomu. Vyovyote iwavyo, nia anayo.

Tatizo ni kwamba vitabu vyote vya kujifunzia hesabu vimeandikwa kwa kudhani msomaji anataka kujua hesabu. Sisi tunajua anachokitaka hasa: azijue hesabu bila mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwemo, kugundua kwamba alikuwa hazijui. Njia ipo.

Hatua ya kwanza: jitangaze

"Mimi na hesabu mbalimbali." Sentensi hii itamke hadharani, kwa sauti, huku unacheka. Mtu akisema hajui kusoma, walio karibu huinamisha macho. Akisema hajui kugawanya, hugongwa mkono na kuagiziwa soda, kwa sababu amewasemea wengi. Na kweli ni wengi: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja katika kila watano. Ukishindwa kuona hiyo ni asilimia ngapi, mwongozo huu ni wako kabisa.

Ukishajitangaza, usingizie ukoo. "Kwetu hatuna kichwa cha hesabu" ni maneno mazuri, mradi usimtaje shangazi aliyeuza vitenge Kariakoo miaka yote ile bila daftari, akijua nani anadaiwa ngapi na pisi ipi imemlipa. Huyo hahesabiki. Wala mama ntilie anayejua kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi na kila sahani inamwachia shilingi ngapi baada ya mkaa. Wala kondakta anayerudisha chenji za watu sita huku ananing'inia mlangoni. Hao wana "akili ya biashara," kitu kingine kabisa. Kanuni ni kwamba hesabu ni ile tu isiyokuingia kichwani. Siku itakapokuingia, inavuliwa cheo inakuwa ujanja wa kawaida, na wewe unabaki salama na udhaifu wako.

Wazee wetu walikosa maarifa haya. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu wenye wajukuu walikwenda wakakaa chini ya miembe kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kanda ya Ziwa, kwenye mradi uliosaidiwa na UNESCO, vitabu vyao vya kusomea vilihusu mambo kama kilimo cha pamba. Somo la hesabu likawa na maana siku ya kwanza tu mkulima aliposimama mbele ya mizani. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika; kufikia 1986 serikali ilikuwa inatangaza chini ya asilimia 10. Hadhi walikuwa nayo wazee wale, tena kubwa kuliko yako, ila waliiegesha nje pamoja na jembe. Wewe ingia nayo ndani.

Hatua ya pili: nunua kitabu kizito

Usinunue kitabu cha darasa la tano. Hilo ndilo kosa linaloangusha heshima za watu. Nunua cha kalkulasi, kile chenye kurasa mia nane na picha ya daraja la chuma kwenye jalada, kiweke mezani sebuleni pamoja na miwani. Wageni watakiona. Kifungue ukurasa wa kwanza, usome hadi neno la kwanza lisiloeleweka, kisha ufunge kwa utulivu na kusema kitabu kimeandikwa vibaya.

Ikilazimu kweli kununua cha darasa la tano, mwambie muuzaji ni cha mtoto. Akikuuliza mtoto yuko shule gani, taja ya gharama. Nyumbani kifunike na gazeti, kisome usiku, na mtu akibisha hodi vuta simu uangalie mpira.

Mfano wa kutofuata ni ule wa Kimani Maruge wa Eldoret. Serikali ya Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu aliuchukulia mpango ule kama unavyosema. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84, akaenda Shule ya Msingi Kapkenduiywo, akavaa kaptula na soksi za sare, akakaa darasa la kwanza na watoto wa umri wa vitukuu. Dunia nzima ikamwandika, Guinness wakamwingiza kitabuni mwao. Lakini tazama alivyokosea: alikuwa hajui, akaanza mwanzo. Mtu mzima mstaarabu huanza katikati, pale alipoachia, na kwa kawaida pale alipoachia ndipo mahali ambapo tayari alikuwa haelewi kwa miaka minne.

Hatua ya nne: ruka sehemu

Hatua ya tatu imesamehewa. Tumekwisha sema kuhesabu si sifa yetu.

Sehemu ni zile namba za ghorofa, moja juu na nyingine chini, zenye mstari katikati. Ndipo watu wengi walipoaga. Ziruke. Zinanuka chaki. Sema utazirudia ukishamaliza aljebra, ingawa aljebra ni sehemu hizohizo zilizopewa herufi.

Ukikutana nazo njiani kwa bahati mbaya, zijumlishe kiungwana: juu kwa juu, chini kwa chini. Nusu jumlisha theluthi, yaani 1/2 na 1/3, inakupa 2/5. Imekaa vizuri. Usijiulize imekuwaje ulianza na nusu, ukaongezewa, ukaishia na kitu kisichofika nusu. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayozaa 5/6, na 5/6 ina gharama zake: inabidi ukubali kwamba nusu na theluthi ni vipande vya ukubwa tofauti, na huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvikate upya vilingane. Nusu ni vipande vitatu vya sita, theluthi ni viwili vya sita. Hapo ndipo mwalimu alipokuwa akipiga kelele kuhusu Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS, na wewe ukadhani ni chama cha ushirika cha wakulima.

Nikiri hapa kuna mchezo mmoja unaoniudhi. Msikilize mtu wa pwani anayeapa kwamba sehemu hazikumwingia maisha yake yote, halafu afe mtu kwao. Marehemu ameacha mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kabla ya arobaini, huyo asiyejua sehemu anajua kwamba kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumuni kwa kuwa kuna watoto, mama ana sudusi, kinachobaki ni cha watoto, na wa kiume huchukua mara mbili ya wa kike. Mpe mali ya shilingi milioni 72 na uone. Mke milioni 9. Mama milioni 12. Zimebaki 51: kijana 34, binti 17. Hakuna shilingi iliyopotea, na ole wake atakayempunja binti hata elfu kumi akidhani hataona. Mtu huyo amejumlisha 1/8 na 1/6, amepata 7/24, ameitoa kwenye moja ikabaki 17/24, na ameigawa kwa uwiano wa mbili kwa moja. Hilo kwenye karatasi ya mtihani ni swali la kumtoa jasho. Msibani ni mazungumzo ya barazani.

Wala si ajabu. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu kilichoipa aljebra jina lake, pale Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, karibu mwaka 820, hakukiandika ili kutesa watoto. Alisema wazi kwamba ni kwa ajili ya mambo yanayowafika watu: mirathi, wasia, biashara, kesi, kupima ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu imekaa kwenye wasia na mirathi, kutafuta fungu la mtu lisilojulikana pale ambapo marehemu alijisemea mambo magumu kitandani. Ile x uliyoichukia ilikuwa ni urithi wa mtu.

Lakini usiyaunganishe mambo haya. Mirathi peleka kwa shehe, sehemu waachie watoto.

Hatua inayofuata: jifunze kwa macho

Tafuta video. Zipo za bure, nzuri, zenye walimu wapole kuliko uliowahi kuwa nao. Jilaze kwenye kochi, tazama mwalimu anavyotatua, tingisha kichwa. "Aaa, kumbe." Kile kitu kinachokupitia mwilini wakati huo kinafanana sana na kuelewa, wengi wameishi nacho miaka. Usisimamishe video. Usichukue kalamu ukajaribu swali hilohilo mwenyewe kabla hujaona jibu, maana hapo ndipo utakapogundua kwamba aliyeelewa ni mwalimu.

Ukibanwa na kitabu chenye mazoezi, anza na majibu. Yako nyuma. Soma jibu, soma swali, kubaliana nalo, weka alama ya vema.

Ratiba nayo ina siri yake. Soma Jumamosi moja, saa nane mfululizo, mpaka macho yawe mekundu na familia ikuonee huruma. Kisha pumzika mwezi mzima. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba mtu husahau kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba kurudiarudia kidogokidogo kwa nafasi kunashinda kukomalia kwa siku moja. Lakini yule alikuwa na muda wa kukariri silabi zisizo na maana. Wewe una vikao vya harusi. Dakika ishirini kila siku kabla ya kulala ni kitu cha kitoto, nani atakuona?

Kuhusu umri, shikilia kwamba ubongo umekwisha kuganda. Akikutajia mtu Barbara Oakley, Mmarekani aliyefeli hesabu shuleni, akaingia jeshini akasomea Kirusi, akazirudia hesabu akiwa na miaka 26 na hatimaye akawa profesa wa uhandisi, mjibu kwamba miaka 26 ni utoto. Akikutajia wa miaka 40, sema huyo hakuwa na watoto. Usikubali mfano wowote wa mtu anayefanana na wewe.

Jambo moja nalisema bila utani, kisha turudi kwenye mwongozo. Wapo waliopoteza hesabu si kwa uvivu wala kwa kichwa, bali kwa mlango wa lugha. Darasa la saba walikuwa wanaijua KDS, wanajua kipenyo na mzingo, wanajua faida na hasara. Miezi michache baadaye, kidato cha kwanza, KDS imegeuka LCM, mzingo umepata jina lingine, na swali lenyewe limekuwa fumbo la Kiingereza ambalo mwisho wake kuna hesabu ndogo wanayoiweza. Wakaambiwa wameshindwa Hisabati. Mtu wa namna hii akilichukua leo swali lilelile la zamani, akasimuliwa kwa lugha anayoiota usiku, mara nyingi hushikwa na hasira kabla ya furaha. Hasira hiyo ni halali, na ina nguvu nyingi kuliko motisha zote zinazouzwa kwenye semina.

Turudi.

Hatua ya mabishano: MAGAZIJUTO

Mtu mzima hahitaji kujua hesabu nyingi ilimradi ana moja ya kubishania. Kila baada ya muda, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la waliosoma pamoja, hutupwa swali lenye mabano, kugawanya na kuzidisha, na maandishi mekundu yanayodai asilimia kubwa ya watu hushindwa. Hii ndiyo nafasi yako. Andika "MAGAZIJUTO!" kwa herufi kubwa, weka jibu lolote, ondoka.

Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ulikaririshwa kama aya, na usiulize zaidi. Mtu akikupa 10 − 3 + 2, fuata aya ilivyo: kujumlisha kunatangulia kutoa, kwa hiyo 3 na 2 ni 5, kumi toa tano ni 5. Muuza duka atakwambia kwamba mwenye elfu kumi akitumia elfu tatu, kisha akadakia elfu mbili, ana elfu tisa, na atakuwa amepata, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda navyo kama vinavyokuja kutoka kushoto. Kugawanya na kuzidisha hivyohivyo. Lakini muuza duka hayumo kwenye kundi la waliosoma pamoja, na hatutamwingiza.

Hatua ya fedha, ambayo ungeiruka kama ungeweza

Hapa mwongozo unapata shida kidogo, maana fedha haziheshimu hadhi.

Asilimia 20 kwa mwezi ni "tu." Neno hilo usiache kulitumia ukienda kuchukua mkopo wa kausha damu. Laki moja, riba elfu ishirini tu, utarudisha. Usipige hesabu ya itakavyokuwa usiporudisha na riba ikapandishwa juu ya riba. Kuzidisha kwa 1.2 mara kumi na mbili ni kazi ya kikokotoo cha simu, inachukua muda mfupi kuliko kusoma ujumbe wa "ndugu mteja": mwisho wa mwaka laki moja imekuwa 891,610. Walioko upande wa pili wa meza waliipiga kabla hujafika, ndiyo maana wakakupa kiti.

Na kikokotoo, kile cha pensheni. Neno hili watumishi wa umma hawalisikii wakaendelea kutafuna. Watu wameligombania kwenye mabasi, kwenye vyumba vya walimu, bungeni. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, pensheni ya mwaka hupatikana kwa kuchukua wastani wa mshahara wa mwaka, kuzidisha kwa miezi uliyochangia, kugawanya kwa 580. Kisha asilimia 33 ya hiyo, mara 12.5, ndiyo mkupuo. Asilimia 67 iliyobaki hulipwa kila mwezi. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakipewa asilimia 50, na watu wakashangilia.

Kushangilia ni kuzuri. Ila angalia kinachompata mtu anayevunja masharti ya mwongozo huu akaingiza namba. Tuseme mshahara ni milioni moja kwa mwezi na amechangia miezi 360. Milioni 12 mara 360, gawanya kwa 580, inakuja 7,448,276 kwa mwaka. Kwa asilimia 33 mkupuo ni kama milioni 30.7 na kila mwezi 415,862. Mkupuo ukiwa asilimia 40, na kilichobaki kikawa 60, anabeba kama milioni 37.2, na kila mwezi 372,414. Ameongezewa karibu milioni 6.5 mkononi, amepunguziwa 43,448 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Inatoka 150.

Miezi 150. Yaani miaka kumi na miwili na nusu, ambayo ndiyo ile 12.5 iliyokuwa imekaa kwenye kanuni tangu mwanzo bila kumsumbua mtu. Aliyestaafu na miaka 60 akifika 72 na nusu, mkupuo mkubwa na mdogo vimelingana. Akiishi zaidi, ule mdogo ndio uliokuwa unamlipa zaidi, ukiacha faida ambayo angeipata kwa kuzizungusha zile milioni sita na nusu, au hasara ambayo angeipata kwa kununua bajaji ya mpwa. Mabishano yote yale yalikuwa na swali ndani yake: unadhani utaishi hadi lini, na una mpwa wa namna gani? Kulifikia kulihitaji kuzidisha, kugawanya na asilimia, vitu vya darasa la sita. Sehemu ilikuwemo pia, 1/580, imejificha katikati.

Kwa hiyo nakusihi, usiipige hesabu hii kwa mshahara wako mwenyewe. Subiri semina ya wastaafu watarajiwa. Kaa safu ya nyuma, mtaalamu aje na projekta, aonyeshe kanuni yote ukutani, aulize kama kuna mwenye swali. Nyoosha mkono, simama, jitambulishe kwa cheo chako kamili, na uulize kama nauli ya kurudi itatolewa leo.